Tangazo la mabusha na wagonjwa waliojificha: uchambuzi wa kisa kutoka pwani ya Lindi

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika kijiji kimoja cha pwani mkoani Lindi. Jina la kijiji, mwaka na majina ya wahusika nimeyaondoa, na mambo madogo madogo ambayo mwenyeji angeyatumia kumtambua jirani yake nimeyabadili. Nimekiandika kwa ajili ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii (WAJA), watendaji wa vijiji na kila anayepewa kazi ya kuandaa tangazo litakalosikika mpaka uani kwa watu. Kinahusu neno moja linalotumika kila siku, busha, na safari ya kutafuta neno la kuliweka mahali pake.

Mabusha na matende ni maradhi yaliyozoeleka pwani tangu enzi za mababu. Yanasababishwa na minyoo myembamba kama uzi inayoenezwa na mbu. Minyoo hiyo hukaa kwenye mishipa ya limfu, yaani ile inayopitisha majimaji ya mwilini, na mishipa ikiharibika, mguu huvimba ukawa matende, au maji hujikusanya kwenye mfuko wa korodani likawa busha. Shirika la Afya Duniani (WHO) limekadiria kuwa wanaume wapatao milioni 25 ulimwenguni wana mabusha. Tanzania ilianza mpango wake wa kuyatokomeza maradhi haya mwaka 2000, na watu wa kusini wanaujua vizuri kwa jina la kingatiba: vidonge vya Mectizan na albendazoli vinavyomezwa mara moja kwa mwaka. Kingatiba hukata maambukizi. Busha lililokwisha kujaa halishuki kwa vidonge. Dawa yake ni kisu.

Maneno ya mtaani ni mengine kabisa. Wapo wanaoapa kuwa busha linatokana na kunywa madafu kupita kiasi. Wapo wanaosema mwenye nalo karogwa, au kavunja mwiko. Na kwa kuwa vimelea hivyo huonekana kwenye damu usiku, wapimaji nao hulazimika kuja usiku, jambo ambalo katika vijiji vingi vya pwani liliamsha maneno ya mumiani. Kwa hiyo hata kabla ya tangazo lolote, huduma hii ilikuwa na wasiwasi wake.

Neno lenyewe, busha, kwenye kamusi halina ubaya wowote. Kijijini ndiko linakopata meno. Mwanaume mwenye busha kubwa huacha suruali, huvaa msuli au kanzu pana, huacha kwenda ngomani, na akifika msikitini hutafuta pembe ya nyuma. Watoto wakilijua, humbandika jina. Jina likishaganda, lile alilopewa na baba yake linabaki kwenye kadi ya mpiga kura tu.

Katika mwaka wa kisa hiki, timu ya madaktari wa upasuaji ilipangiwa kufika kwenye kituo cha afya cha jirani kwa wiki moja. Huduma ilikuwa bure. Walichagua kipindi cha baada ya msimu wa korosho, na uamuzi huo ulikuwa wa busara, kwa sababu aliyepasuliwa hutakiwa kupumzika kwa wiki kadhaa bila kukwea mnazi, kubeba gunia wala kuvuta nyavu. Kazi ya zahanati ya kijiji ilikuwa moja: kupata majina mapema.

Mfululizo wa matukio

Tangazo la kwanza liliandikwa na ofisi ya kijiji kama yanavyoandikwa matangazo mengine, ya mkutano wa hadhara au ya chanjo ya mifugo. Bodaboda iliyofungwa spika ilizunguka vitongoji vyote jioni, watu wakiwa wametoka shambani na pwani. Maneno yake yalikuwa haya: "Tangazo, tangazo. Wanaume wote wenye mabusha mnatakiwa kufika zahanati kesho saa mbili asubuhi bila kukosa. Atakayekosa asije kumlaumu mtu."

Watoto walilifukuzia spika wakiitikia "mabusha!" kila linapotajwa. Kwenye kibaraza kimoja karibu na soko la samaki, wazee walikuwa wanacheza bao. Mmoja wao, mvuvi wa makamo anayejulikana kwa hali hiyo, alikuwa na kete mkononi, zamu ni yake. Spika ilipopita, hakuna aliyesema neno. Wote waligeuza macho wakamtazama yeye, wengine wakarudisha macho kwenye bao haraka. Alimwaga kete zake ndani ya shimo bila kuhesabu, akajikaza msuli, akaaga na kwenda zake. Mhudumu mmoja wa WAJA alikuwepo pale, na ndiye aliyelileta jambo hili zahanati usiku huohuo.

Kesho yake walijitokeza wachache sana, wengi wao wazee ambao wenyewe walisema hawana tena cha kuficha. Majina yao yaliandikwa kwenye karatasi iliyoandikwa juu "Orodha ya Wagonjwa wa Mabusha", na karatasi ikabandikwa kwenye mlango wa zahanati ili watu wajue siku zao. Mchana watoto wa shule walipita wakaisoma kwa sauti. Jioni haikuwepo, na hadi leo hakuna aliyesema nani aliibandua.

Mganga mfawidhi wa zahanati, mwanamke kijana aliyehamia kutoka mkoa mwingine, aliitisha kikao. Walikuja mtendaji wa kijiji, imamu, mwenyekiti wa kitongoji, WAJA wawili, wazee kadhaa, na mzee mmoja ambaye ujana wake wote alikuwa ngariba. Kumwita huyu wa mwisho lilikuwa wazo la WAJA, na kwa maoni yangu ndilo wazo bora la kisa chote. Katika jamii zetu za kusini, Wamwera, Wamakonde, Wayao na wengineo, mwanaume huzungumza habari za mwili wake kwanza jandoni. Aliyemsimamia huko ana ruhusa ya kumwuliza maswali ambayo hata daktari huyauliza kwa kuzunguka.

Kikao hakikukubaliana mara moja. Mzee mmoja alipinga kabisa habari ya kubadili neno. Alisema: "Sisi huku Wamachinga ni kabila. Nenda Kariakoo leo, machinga ni kila anayetembeza soksi mkononi, awe Mchaga awe Msukuma. Tumekufa? Jina halitoboi ngozi." Watu walimwelewa, kwa sababu anachosema ni kweli na kinawauma wengi wa Lindi. Ngariba alimjibu kwa utulivu: "Mzee mwenzangu, jina la kabila mnaligawana wengi. Hili anabebeshwa mtu mmoja, tena mbele ya wakweze."

Baada ya hapo yakaja mapendekezo. Mtendaji alitaka iandikwe "magonjwa ya siri". Imamu alikataa papo hapo, kwa kuwa masikioni mwa watu hayo ni kaswende na kisonono, na mke akisikia mumewe kaandikishwa huko nyumba inawaka moto. "Ugonjwa wa kiume" likakataliwa pia, maana watu wangedhani ni dawa za nguvu. "Uvimbe wa korodani" ni lugha safi ya hospitali, lakini nani atalitangaza kwa spika mama mkwe akiwa uani anachambua mchicha? Mwishowe mganga mfawidhi akapendekeza ngiri maji, neno linalotumika kwenye fomu na mabango ya afya. Halina kejeli, halijawahi kuwa jina la utani la mtu. Likapita.

Uamuzi wa ngiri maji na kilichofuata

Sababu ya kulichagua ilikuwa nzuri na sina budi kusema hivyo. Neno jipya halina historia ya kuchekwa. Tangazo la pili likapita: "Wanaume wenye tatizo la ngiri maji wafike zahanati, huduma ni bure."

Safari hii zahanati ilijaa. Walikuja wenye ngiri ya kinena, ambao nao wanahitaji upasuaji lakini hawakuwa kwenye mpango wa timu ile, wakaandikiwa rufaa kwenda hospitali ya wilaya. Walikuja vijana wenye maumivu ya tumbo. Walikuja wengine ambao ilibidi mganga awaulize taratibu sana mpaka ikajulikana walichofuata: mtaani ngiri ndiyo inayosingiziwa kumaliza nguvu za kiume, na waganga wengi wa kienyeji huiuzia dawa pamoja na chango. Wenye mabusha waliokuja walikuwa wachache kuliko hata mara ya kwanza. Mmoja wao alimwambia mhudumu baadaye, "Mimi sina ngiri. Ngiri ni ya ndani. Mimi yangu iko nje."

Hapa ndipo kazi ilipoelekea njia sahihi. Badala ya kuitisha kikao kingine cha kuchagua neno, mganga mfawidhi aliwatuma wale WAJA wawili, wanaume wa hapohapo, waende kwa wenye hali hiyo mmoja mmoja, nyumbani au shambani. Hawakuuliza "tukuiteni nani?" Waliuliza: "Ukimweleza mkeo, au ukienda kwa fundi wa dawa, unasemaje?"

Majibu yalikuwa ya kufundisha. Wazee wengi walisema "nina mshipa". Ni neno la kale la pwani, la heshima, linatamkika mbele ya mtu yeyote. Vijana hawakulitumia, kwao mshipa ni wa damu au wa shingo. Wao walisema "nimejaa maji". Wachache walisema "hali yangu" au "mzigo wangu". Na wapo waliosema busha waziwazi, wakicheka, lakini kila mmoja aliongeza sharti lake: kwa mtani wangu, sawa, kwa daktari ndani ya chumba, sawa, barabarani, hapana.

Mpangilio wa tatu

Kutokana na majibu hayo, neno moja la kutumika kila mahali lilitupwa. Spika ilipita mara ya tatu na tangazo fupi: madaktari wa upasuaji wanakuja, miongoni mwa huduma ni maradhi ya mshipa kwa wanaume, anayetaka maelezo aonane na WAJA wa kitongoji chake au na mzee ngariba, na mazungumzo ni ya watu wawili. Saa ya kufika haikutajwa, amri haikuwepo. Imamu alilirudia baada ya sala ya Ijumaa kwa maneno yayohayo.

Kwenye vijiwe, WAJA walieleza kwa "kujaa maji", wakataja mbu na kingatiba, wakaeleza kwamba madafu hayana kosa. Ndani ya chumba cha zahanati mganga alimsikiliza mgonjwa kwanza, kisha akatumia neno lilelile alilolitumia mgonjwa. Akisema mshipa, ni mshipa. Akisema busha, ni busha. Kwenye kadi ya rufaa likaandikwa jina la kitabibu ambalo daktari wa upasuaji atalielewa bila kubahatisha.

Orodha ya mlangoni ilifutwa kabisa. Kila mtu alipewa kadi yenye namba na tarehe, na daftari la majina likafungiwa kabatini.

Jambo moja lilitaka kuharibu yote. Asubuhi ya kwanza gari lililotumwa kuwachukua wagonjwa lilifika likiwa na bango refu ubavuni, "KAMBI YA UPASUAJI WA MABUSHA", herufi nyekundu. Wanaume waliokuwa wamekusanyika chini ya mwembe walisimama palepale. Dereva akapiga honi. Hakuna aliyesogea. Mzee ngariba akaenda mwenyewe, akafungua kamba za bango moja baada ya nyingine, akalikunja na kuliweka chini ya kiti cha dereva. Dereva alilalamika kuwa wafadhili wanataka picha. Alijibiwa kuwa picha zitapigwa za gari likiwa tupu.

Matokeo

Nafasi zote za kijiji zilijaa, na waliobaki wakaandikwa kwa ajili ya safari itakayofuata. Waliopasuliwa walirudi kwa kutembea wenyewe, na kuanzia hapo kazi ya kushawishi ikawa nyepesi, kwa sababu hakuna tangazo linalomshinda jirani aliyepona na anayevaa suruali tena siku ya Idi.

Mvuvi wa kwenye bao hakwenda. WAJA walimfikia mara kadhaa, ngariba naye akamfuata. Alisema neno jipya ni zuri na hana ugomvi nalo, ila yeye alishatazamwa. Hali yake ilibaki vilevile mpaka nilipokusanya kisa hiki.

Uchambuzi

Nianze na lililoshindwa kwa namna isiyoonekana haraka, yaani ngiri maji. Kwa mtazamo wa adabu lilikuwa chaguo salama. Kwa mtazamo wa tiba lilikuwa na madhara makubwa kuliko busha. Busha liliwaaibisha watu lakini kila mmoja alijua anaitwa yeye. Ngiri maji halikumwaibisha mtu kwa kuwa halikumwita mtu. Tunapobadili neno kwa ajili ya heshima, mara nyingi tunaridhika pale sisi wasemaji tunapoacha kuona haya. Mwenye ugonjwa anahitaji kitu cha zaidi: alisikie neno na ajitambue ndani yake. Neno la adabu linalomfanya mgonjwa apitwe na daktari limemdhulumu.

Kwa hiyo kipimo cha neno mbadala kifanyike kabla halijapandishwa kwenye spika, na kifanyike kwa wenye hali yenyewe. Namna WAJA walivyouliza ina thamani kubwa. Ukimwuliza mtu anapenda aitweje, atakupa jibu la kukuridhisha wewe mgeni. Ukimwuliza anavyosema kwa mkewe, anakupa neno lililo hai. Mshipa lilikuwepo kijijini muda wote huo. Kikao kizima cha wenye afya zao hakikulitaja, hata wazee.

La pili ni mahali. Wale wanaume hawakulichukia neno busha popote linapotamkwa. Walilichukia likitamkwa na mtu asiye na ruhusa, mbele ya watu wasiopaswa kusikia. Utani una ruhusa yake, jando lina ruhusa yake, chumba cha daktari nacho hivyo. Spika haina mtani. Orodha nyingi za "sema hiki, usiseme kile" zinakosea hapa, kwa kudhani ubaya umo ndani ya herufi. Mhudumu aliyekariri orodha anaweza kumsahihisha mgonjwa mwenyewe, "usiseme busha baba, sema mshipa", na kumwongezea aibu aliyokuja kuitua.

Hata hivyo, namna ya kumtaja mtu ina kanuni moja ambayo naitetea popote: mtu atangulie, hali ifuate. Kuna umbali mkubwa kati ya "yule busha" na "yule mzee mwenye mshipa". Nchi yetu imeshapita njia hii. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtanguliza mtu tangu kwenye jina lake, na kilema limetoka kwenye nyaraka za serikali. Wahudumu wa kliniki za VVU leo husema "anayeishi na VVU" pale ambapo zamani walisema mwathirika. Zeruzeru linaondoka taratibu, nafasi yake inachukuliwa na mtu mwenye ualbino, na kwa neno hilo ucheleweshaji umegharimu maisha ya watu. Hoja ya mzee Mmachinga, kwamba jina halitoboi ngozi, ina ukweli kwa aliye katikati ya wenzake. Kwa aliye peke yake jina ndilo linalomtenga kwanza, na mengine yanafuata.

La tatu, ambalo nadhani lilichangia nusu ya mafanikio: karatasi ya mlangoni na bango la gari. Kama maneno ya spika yangebadilishwa na orodha ikabaki mlangoni, hakuna ambacho kingebadilika. Siri ya mgonjwa ni wajibu wa kituo hata kama mgonjwa hakuidai. Nimeona vituo vinavyotumia lugha laini mno kwenye mabango huku vikiita majina na magonjwa kwa sauti kwenye foleni.

Kasoro moja ni kwamba mpangilio wa tatu ulitegemea watu wachache: ngariba mmoja na WAJA wawili wanaoaminika. Kijiji kisicho na mzee wa aina hiyo kitahitaji kumtafuta mtu mwingine mwenye ruhusa ya kijamii, labda imamu, labda fundi boti ambaye kila mvuvi hupita kwake. Kumpachika mtu cheo hicho kwa barua ya ofisi hakutasaidia.

Wanawake wenye matende

Kisa kizima kiliwahusu wanaume, na hilo ni pengo. Kijijini hapo wapo wanawake wenye matende, na WAJA walipomaliza kambi walienda kwa mmoja wao, mama anayeuza vitumbua, wakamwuliza kama walivyowauliza wanaume. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Wanangu, mguu huu hata muuite jina zuri namna gani, kila mtu anauona. Mimi nataka kiatu kinachoingia."

Mguu wa matende hautibiwi kwa kisu kama busha. Unatunzwa kila siku: kuoshwa kwa maji na sabuni, kukaushwa vizuri hata katikati ya vidole, kuinuliwa mtu anapokaa, kufanyishwa mazoezi, na kukingwa na michubuko ambayo vijidudu huingilia. Kiatu kinachoingia, alichokuwa anakiomba, ni sehemu ya kinga hiyo. Zahanati ilianza kuwakusanya wanawake hao mchana mmoja kwa wiki, uani kwa mama huyo, na yeye ndiye aliyeamua mkusanyiko utangazwe kwa jina gani: darasa la kuosha miguu. Kwa jina hilo walikuja hata wasio na matende, wenye miguu iliyopasuka visigino na wenye kisukari, wakakaa mkeka mmoja. Fundi viatu wa sokoni naye ameitwa kuja kuchukua vipimo.